Darubini Iliyokataa Sifuri

Kabla muuguzi hajatoka kuita mtu mwingine, wacha niwaambieni jambo moja la kujivunia, maana naona benchi zima la wagonjwa wa macho limenuna kama linasubiri hukumu. Mimi natoka Jamhuri Tukufu ya Lengelenge, ng'ambo ya mpaka huo hapo. Na Lengelenge, tangu tupate uhuru, hakuna risasi ya serikali iliyowahi kukosa shabaha. Hata moja. Nyinyi huku mna maneno kama "bahati mbaya" na "ajali kazini". Sisi msamiati huo hatunao.

Mama wa kitenge cha njano, unacheka? Cheka, lakini taratibu, mshono wa jicho utaachia.

Nikupe mfano. Kiongozi wetu tunamwita Mlenga Mkuu, kwa sababu "Rais" ni cheo cha watu wasiojua bunduki. Siku moja alikwenda kuwinda pofu. Pofu mnyama, jamani, mwenye pembe, msinikasirikie! Akalenga pofu, akafyatua, na Waziri wa Uvuvi, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai, akapasuka koo. Damu ikaruka, ikajaza kikombe, ikamwagikia kisahani. Huku kwenu mngepiga mayowe. Kwetu, maiti haijapoa, redio ya taifa ikatangaza: "Mlenga Mkuu amemwangusha adui aliyekuwa amejificha ndani ya Waziri wa Uvuvi." Yule pofu akavishwa nishani ya ushirikiano mwema, akaachiwa aende zake na nishani shingoni. Mjane akapelekewa kikapu cha samaki.

Mnaona? Risasi haikukosa. Ila shabaha ilichelewa kujulikana.

Lakini wakubwa walianza kuogopa kualikwa mawindoni. Mmoja akaugua ghafla, mwingine akafiwa na bibi yake kwa mara ya tatu. Mlenga Mkuu akaliona hilo, akaitisha Baraza la Mawaziri, akasema kwa sauti ya upole inayotisha kuliko ya ukali:

"Mimi macho yangu ni mazima. Vitu ndivyo siku hizi vinakaa mbali. Kwa nini vinakaa mbali?"

Waziri wa Ardhi akajibu kwamba atafuatilia. Waziri wa Afya, Dakta Pazia, akawa mjanja zaidi: "Mtukufu, tuvilazimishe vije karibu. Kuna kitu kinaitwa darubini ya bunduki."

"Kinunuliwe," akasema Mlenga Mkuu. "Lakini kiwe cha bei nafuu. Sitaki wananchi waseme najipenda."

Hivyo ikazaliwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Darubini ya Bunduki ya Bei Nafuu kwa Mazoezi Uwanjani na kwa Mawindo Porini. Dakta Pazia akadai uenyekiti hapo hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba nafuu ni mali ya Wizara ya Afya, kwani nani amewahi kusikia mtu mzima wa afya amepata nafuu? Wanasheria wakatafakari, wakakubali.

Kamati ilikuwa na vigogo wawili. Bi Sikitu, Waziri wa Michezo, aliyetaka darubini ya uwanja wa shabaha. Na Mheshimiwa Ngwele, Waziri wa Wanyamapori, aliyetaka ya porini. Mkutano wa kwanza ulikwenda hivi:

"Uwanjani shabaha haikimbii," akasema Bi Sikitu. "Nataka kioo kinachokuza mpaka nimwone nzi aliyetua katikati ya ubao, na nijue kama ni jike."

"Porini, mama, ukikuza hivyo unaona kwapa tu. Hujui ni kwapa la nyati au la mpagazi. Mimi nataka kioo chenye uwanda mpana, kisichoingia ukungu alfajiri."

"Kwapa la nani unalizungumzia mbele ya wajumbe?"

"La yeyote anayelinyanyua."

Bi Sikitu akalinyanyua, na ngumi ikiwa mbele yake. Mheshimiwa Ngwele akatema jino juu ya meza ya mkutano. Dakta Pazia akalifunika kwa kikombe na kutangaza kwamba kamati imepokea mchango wa mjumbe kwa moyo mkunjufu.

Muuzaji alikuwa Bwana Shomvi, mtu mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho na ulimi usiohitaji mafuta. Akaleta darubini tatu: Simba, Chui na Malaika. "Zote nafuu," akasema. "Tofauti yake ni majina tu, waheshimiwa, lakini majina ni makali."

Wakaijaribu Simba alfajiri, porini. Kioo kikaingia ukungu kama dirisha la jikoni. Mheshimiwa Ngwele akasema haidhuru, yeye anamjua nyati kwa moyo. Akafyatua ndani ya ukungu. Ukungu ulipoondoka, dereva wake alikuwa ameketi chini akilitafuta sikio lake kwenye nyasi. Wakalipata. Siafu walikuwa wameshalipata kabla yao.

Wakaijaribu Chui uwanjani. Hiyo ilikuza mpaka ikavuka mpaka. Bi Sikitu akatazama, akaona nywele nyeusi, nene, zinazotikisika. "Nyani ameingia uwanjani!" akasema, akafyatua. Alikuwa ni katibu wake anabandika karatasi kwenye ubao. Fuvu lilifunguka kama dafu. Katika ripoti aliandikwa kuwa alifariki akiwa karibu sana na kazi yake.

Ikabaki Malaika. Hii Mlenga Mkuu alikuja kuijaribu mwenyewe, na bendi ikapiga.

Sasa wenzangu, darubini nzuri ya bunduki inakuachia nafasi kati ya jicho na kioo, upana wa kiganja hivi, ili bunduki ikipiga teke isikufikie. Malaika ilikuwa ya bei nafuu, na nafasi ni gharama. Ili uone kitu, ilibidi uibusu. Mlenga Mkuu akaibusu. Akafyatua. Bunduki ikapiga teke, na ukingo wa chuma ukamchana juu ya unyusi, mfupa ukachungulia. Damu ikamshukia usoni, ikaingia mdomoni, ikadondokea nishani zake moja baada ya nyingine.

Bendi ilisimama katikati ya noti. Nani angesema kwamba Mtukufu ameumizwa na bunduki yake? Mlenga Mkuu akamgeukia muuzaji.

"Nini hiki?"

Bwana Shomvi akajifuta jasho, akajifuta tena. "Busu, Mtukufu," akasema. "Malaika akimpenda mtu humbusu juu ya jicho. Mimi nimeuza darubini miaka yote hii, hajawahi kunibusu hata mimi."

Mlenga Mkuu akapapasa jeraha. Lilikuwa na umbo la mwezi mchanga. Akatabasamu, damu kwenye meno.

"Tunaichukua," akasema.

Kesho yake ikatoka amri. Kila raia mwema awe na Busu la Taifa juu ya unyusi wa kulia. Asiye nalo, Malaika hampendi. Na asiyependwa na Malaika, serikali itampendaje? Watu wakapangwa foleni kwenye ofisi za kata. Askari anakushika kisogo, mwenzake anakugonga kwa bomba la darubini, unasema asante, unapisha. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aligongwa, akaanguka, hakuinuka. Akahesabiwa kuwa amebusiwa mno. Wengine bomba liliteremka kidogo likatua kwenye jicho lenyewe. Si kwamba askari walikosa, nimeshawaambia sisi hatukosi. Langu hili liligongwa mara mbili, maana Busu la kwanza lilikunjika kwa juu, wakasema linafanana na tabasamu la upinzani. Jicho likaoza. Ndiyo maana niko nanyi benchini.

Nipisheni nikae vizuri, sasa ndipo utamu ulipo.

Ndani ya boksi la Malaika kulikuwa na karatasi ya maelezo. Dakta Pazia akaisoma mbele ya kamati: "Kabla ya kutumia, piga sifuri darubini yako."

Mnajua maana yake? Ni jambo la kawaida kabisa. Unaweka bunduki imara, unapiga risasi kadhaa, unaangalia zimetua wapi, unazungusha vijiskrubu mpaka ule msalaba mwembamba wa kwenye kioo na tundu la risasi vikae mahali pamoja. Ndiyo kupiga sifuri. Usipofanya hivyo, unalenga hapa, risasi inakwenda kwa jirani.

Lakini Lengelenge sote tumesoma shule, na shule kila mtu anajua sifuri ni nini. Mimi mwenyewe nilipata sifuri ya hisabati kidato cha nne, baba akala chakula cha jioni akiwa ameniangalia tu. Sasa eti Mtukufu apate sifuri?

"Nani ameandika hii?" akauliza Dakta Pazia.

"Kiwanda, Mheshimiwa," akasema Bwana Shomvi.

"Kiwanda kimempa Mtukufu sifuri kabla hata hajafanya mtihani?"

"Tumpe hamsini," akashauri Mheshimiwa Ngwele kupitia pengo.

"Hamsini! Wewe ungempelekea hamsini nyumbani kwake?"

Bi Sikitu ndiye aliyeokoa mkutano: "Apewe mia. Mia kwa mia. Na skrubu zizibwe, mchochezi asije akaiteremsha usiku."

Wakapiga makofi mpaka Mabusu yao yakavuja. Skrubu zikazibwa kwa risasi, ile ya kuyeyusha. Malaika akawa amefaulu kwa alama zote, na alikuwa akipeleka kila kitu kulia, kwa hatua kadhaa.

Ikabaki kutafuta watu wa Siku ya Shabaha. Walitakiwa vijana wawili. Mmoja ni Mshika Shabaha, wa kusimama upande wa kulia wa ubao na kuushika usitikiswe na upepo. Mkono wake hufungwa kwenye nguzo kwa utepe wa rangi za bendera, asije akasahau uzalendo na kukimbia. Wa pili ni Mtangaza Shabaha. Huyu hukaa kwenye kiti kirefu na kipaza sauti, na kila risasi ikipigwa, anaitangaza ilikotua. Akisema "kulia", sherehe inasimama, bunduki inarekebishwa. Ndivyo sheria ilivyoandikwa na wakoloni, na hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Mshika Shabaha akawa Machano, rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mrefu, mpole, ndiyo kwanza ameoa, na mkewe ana mimba. Alikuja kwangu akicheka, amevaa sare mpya inayomkaba. "Wamesema nikirudi salama napewa nyumba ya serikali," akasema. "Na bunduki yenyewe imepata mia, ndugu yangu. Nitaogopa nini?"

Na Mtangaza? Alikuwa kijana mmoja tu, mwenye sauti. Mimi nilikuwa nashika kibendera cha upepo, pembeni kule.

Siku ikafika. Majukwaa yalifurika, kila mtu na mwezi wake juu ya jicho. Ubao una picha ya nyati. Machano amefungwa kwenye nguzo, ametulia. Kulia zaidi, hatua kadhaa kutoka kwake, bendi ya polisi. Mlenga Mkuu akaibusu Malaika, akafyatua.

Mpiga tarumbeta akaanguka kifudifudi, tarumbeta imemwingia kooni mpaka nusu.

Wote wakatazama kiti kirefu. Kisha kipaza sauti kikanguruma:

"MIA KWA MIA!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mlenga Mkuu akatazama tena kwenye kioo. "Mbona nyati hana tundu?"

"Limejifunga kwa heshima, Mtukufu!"

Risasi ya pili ikampata mpiga ngoma tumboni. Alikaa chini akiukumbatia utumbo wake kama mtu aliyeshika nguo za kufua. "MIA KWA MIA! Imepita tundu lile lile!" Ya tatu, mpiga matoazi. "MIA KWA MIA!"

Mawaziri si wajinga, wanajifanya tu. Waliona bendi inavyopukutika, na jukwaa lao liko nyuma ya bendi. Dakta Pazia akanyanyuka polepole kama mtu anayekwenda haja, akavuka uwanja, akaenda kusimama mahali pekee palipokuwa salama katika Jamhuri nzima: mbele ya shabaha. Bi Sikitu akamfuata mbio, kiatu kimoja mkononi. Mheshimiwa Ngwele akaja akitambaa. Wakakosa nafasi ya kutosha, wakasukumana mpaka wengine wakamwagikia upande wa kushoto wa ubao.

Mlenga Mkuu akaweka jicho kwenye kioo na, badala ya nyati, akaona kitambi cha Dakta Pazia.

"Wameziba shabaha yangu," akasema. Sauti yake ya upole ilisikika kwenye kila kipaza sauti. "Yaani wananidharau kiasi kwamba wanaona pale ndipo pa kupumzikia?"

Akamlenga Dakta Pazia, aliyekuwa amesukumwa kushoto kabisa, wenzake wamebanana naye huko. Sasa hesabu hii inawezekana hata kwa mwenye sifuri. Ukilenga ubao, unampata mpiga tarumbeta. Ukilenga kushoto kwa ubao, unampata nani?

Machano aliijua hesabu hiyo kabla ya wote. Akavuta mkono, utepe ukakaza. Akaanza kupiga kelele kuelekea kiti kirefu: "Sema kulia! Imekwenda kulia! Sema tu kulia, nakuomba!"

Mlio. Risasi ikagonga nguzo kando ya kichwa chake, chuma kikapasuka, vipande vikamwingia usoni. Akapiga yowe ambalo sijui nililinganishe na nini.

"Nimempata Pazia?" akauliza Mlenga Mkuu.

"MIA KWA MIA!"

"Mbona amesimama?"

Hapo Mtangaza akasita, nadhani. "Amekufa, Mtukufu. Amesimama kwa nidhamu."

"Vizuri. Na Sikitu?" Mlio. Bega la Machano likafunguka. "MIA KWA MIA!" "Na Ngwele?" Mlio. "MIA KWA MIA!"

Risasi ya serikali haikosi, na tangazo likishatolewa limetolewa. Askari wakawafuata marehemu watatu, waliokuwa wazima kama mimi na nyinyi, wakawakokota kwenda makaburini. Dakta Pazia alipinga njia nzima, akidai kwamba yeye ni daktari na anajua mtu aliyekufa anavyokuwa. Bi Sikitu aliwang'ata wawili. Wakazikwa wima, kwa kuwa ndivyo walivyotangazwa, na udongo ulipofika kidevuni bado Ngwele alikuwa anaomba apewe hamsini.

Na Machano? Aa, wenzangu. Hapa ndipo huwa nashindwa. Mimi nilikuwa nimekwishatupa kibendera. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, "Kulia! Imekwenda kulia!", watu wote wamefumba midomo, ni mimi peke yangu. Nikauvuka uwanja risasi zikipita, nikaukata utepe kwa meno, nikampakata. Yule mshenzi wa kwenye kiti kirefu bado anabweka "MIA KWA MIA!" hivyo hivyo, kwa sauti ya...

Samahani, muuguzi, sikukusudia kupiga kelele wodini. Mkalishe tu huyo ndugu uliyemleta, tumesogea.

Nilikuwa nasema, nikampakata. Akanishika mkono, akaniambia, "Asante, ndugu yangu. Mwambie mke wangu." Akakata roho mapajani mwangu. Mama wa kitenge, usilie, chumvi si nzuri kwa mshono.

"Sikusema asante."

Nani ameongea? Ni huyu aliyeletwa sasa hivi, aliyekaa mwisho wa benchi, mrefu, bandeji imemzunguka kichwa chote mpaka puani, mkono mmoja umening'inizwa. Ndugu, nadhani umenifananisha na mtu, hujapata hata kuniona.

"Rudia ile," akasema. "Ile ya kupiga kelele. Useme tena kama ulivyosema ninaingia mlangoni."

Nikamwambia koo linaniuma, muuguzi amekataza.

"Hakuna aliyevuka uwanja," akawaambia watu wa benchi, polepole, kama mtu anayesoma. "Mke wangu ndiye aliyekuja kuukata utepe, jioni, watu wamekwenda kula pilau. Kibendera cha upepo hakikuwepo. Kila mlio nilikuwa namwomba mwenye kiti kirefu neno moja, na namwita kwa jina lake, maana tulikaa dawati moja."

Mama wa kitenge akaacha kulia. Muuguzi akasimama na trei yake. Benchi zima, wenye jicho moja na wasio nalo, likanigeukia.

"Wenzangu, huyu amechanganyikiwa kwa dawa," nikasema. "Tazameni hali yake. Atanijuaje mtu asiye na macho?"

Machano akageuza uso wake wa bandeji, akauelekeza kwangu, sawasawa kabisa, bila kupita kulia hata kidogo.

"Macho ndiyo yaliyopasuka, Dilunga," akasema. "Masikio ninayo."